Kifaa kipi, kwa mtoto yupi, katika darasa lipi?

Kila ifikapo Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, magazeti na runinga zetu hujaa picha zinazofanana. Mgeni rasmi ameshika mipini ya kiti mwendo kipya, vingine nyuma yake bado vimefungwa nailoni, mtoto ameshakalishwa, mzazi anashukuru, na bango la waliotoa msaada limetandazwa mahali ambapo kamera haiwezi kulikosa. Kutoa ni jambo jema na silibezi. Kinachonikera ni swali lisilosikika kwenye hafla hizo: nani alimpima huyu mtoto? Miguu inaning'inia bila kufika kwenye vikanyagio, makalio yanateleza mbele, mgongo umepinda ukitafuta pa kuegemea. Baada ya muda kiti hicho utakikuta nyuma ya nyumba, tairi moja haina upepo, kimebebeshwa ndoo za maji.

Viti vinaonekana kwa sababu ni vikubwa. Yaleyale huzikuta mashine za nukta nundu zilizofungiwa stoo, vifaa vya kusikilizia vilivyorudishwa kabatini betri zilipoisha, na kompyuta zilizoletwa na programu isiyojua Kiswahili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu teknolojia saidizi. Walikadiria kwamba watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani hadi mguu bandia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata wanachohitaji hawazidi asilimia 3. Takwimu hiyo hutumika kudai vifaa zaidi, na madai ni halali. Ila kifaa kilichochaguliwa vibaya kinaongeza orodha ya mali ya shule tu; mtoto anabaki palepale.

Hebu tulipeleke swali hili Kasense. Ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, juu ya nyanda za Ufipa. Jina la manispaa lisikudanganye: ukishatoka katikati ya mji, sehemu kubwa ya eneo lake ni mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia za kwenda shule hugeuka tope linalong'ang'ania kiatu. Juni na Julai baridi hung'ata, mtoto anaingia darasani vidole vimekufa ganzi. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umetoka ng'ambo, Zambia, kwa sababu mkoa ulikuwa haujaunganishwa na gridi ya taifa. Moshi, kunakofundishwa mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Nimeyataja haya mapema kwa makusudi. Mtu anayechagua kifaa kwa kufunua katalogi iliyochapwa Ulaya hatayaona, na ndiyo yatakayoamua kama kifaa kitadumu mwaka.

Sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Kwa hiyo mwalimu yeyote mwenye darasa kubwa, Kasense au kwingine, ana mwanafunzi wa namna hii mbele yake, hata kama hajamtambua. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka watoto hawa wasome katika shule za kawaida pamoja na wenzao, isipokuwa pale mahitaji yao ya mawasiliano yanapodai shule maalumu. Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka mmoja kabla. Karatasi zipo. Tatizo liko pale mwalimu anapoulizwa, "Tumletee nini?"

Mwalimu mmoja wa Kimarekani, Joy Zabala, aliyefanya kazi hii miaka mingi, alipanga katika miaka ya 1990 utaratibu wa kulijibu swali hilo. Kwanza mtazame mwanafunzi: anaweza nini, anashindwa nini, anataka nini. Kisha mazingira: darasa, madawati, mwanga, njia, watu wanaomzunguka. Halafu kazi: ni jambo gani hasa anatakiwa kulifanya ambalo wenzake wanalifanya na yeye limemshinda? Mwisho kabisa ndipo kije kifaa. Sisi huanza na kifaa. Kimepatikana, kimetolewa, kimefika mkoani, sasa tunamtafuta mtoto wa kukitumia.

Tuanze na mtoto ambaye mara nyingi hata hatambuliwi: mwenye uoni hafifu. Tuseme yuko darasa la tatu, ana ualbino. Mama yake akiitwa shuleni atasema, "Mwalimu, huyu anaona vizuri tu, nyumbani anachagua mawe kwenye maharage kuliko dada yake." Na mwalimu atajibu, "Basi ni mvivu, mama, ubaoni haandiki kitu." Wote wawili wamesema walichokiona. Maharage yako kwenye ungo, sentimita kumi kutoka usoni. Ubao uko mita nne, umepauka, na jua la saa nne linauchoma kupitia dirishani. Mboni za watoto wengi wenye ualbino huchezacheza zenyewe, na mwanga mkali huwaumiza. Miwani husaidia baadhi yao, lakini haiwarudishii uoni kamili, na mzazi aliyeuza gunia zima ili anunue miwani anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela.

Mtoto huyu anahitaji nini? Kwanza asogee mbele, na aruhusiwe kusimama na kuufuata ubao kwa miguu bila kuombewa ruhusa kila mara. Ubao upakwe rangi upya. Dawati lake liwe upande ambao dirisha liko mgongoni. Kofia ya ukingo mpana ndani ya darasa, hata kama kanuni za sare zinasema kofia zivuliwe. Kalamu nene nyeusi badala ya penseli. Na kibao cha kusomea: ubao wa useremala ulioinamishwa, wenye kikingio chini cha kuzuia kitabu kisiteleze, ambao unaleta ukurasa machoni badala ya macho kushuka kwenye ukurasa. Asiye nacho huinamia dawati pua ikikaribia karatasi, shingo inamuuma, na ikifika saa sita amechoka kuliko waliotoka kulima. Seremala yeyote wa Sumbawanga anakitengeneza kwa mabaki ya mbao. Sijawahi kuona mgeni rasmi akikabidhi kibao cha kusomea, na sitegemei, kwa kuwa kwenye picha hakina mvuto.

Baada ya hapo ndipo tuongelee lenzi za kukuza na darubini ndogo ya jicho moja ya kusomea ubao, na hizo zitolewe na mtaalamu wa macho aliyempima, kwa sababu nguvu ya lenzi inayomfaa huyu haimfai mwenzake wa dawati lilelile. Na mafuta ya kukinga jua yahesabiwe humohumo. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kulianzishwa kitengo cha kutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanayojulikana kwa jina la Kilisun. Mtoto mwenye vidonda vya jua midomoni hakai darasani, hata umpe lenzi ya namna gani. Katika mkoa huu kuna jambo jingine la kuhesabu. Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, na wapo wazazi ambao bado hawathubutu kumwacha mtoto atembee peke yake kwenda shule. Hakuna kifaa cha kutatua hilo. Kuna mtu mzima wa kumsindikiza tu.

Kwa mtoto asiyeona kabisa uchaguzi ni mgumu zaidi na ghali zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mashine ya Perkins ilibuniwa na David Abraham katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, na ikaanza kutengenezwa mwaka 1951. Mpaka leo umbo lake halijabadilika sana: chuma kitupu, uzito unaokaribia kilo 5, vitufe sita vya nukta na katikati yake kitufe cha nafasi. Mwalimu anayetaka kuielewa asisome maelezo, akae aandike neno "Kasense". K ni kidole cha shahada na cha pete cha mkono wa kushoto vikibonyeza kwa pamoja. A ni kidole cha shahada cha kushoto peke yake. S ni cha kati na cha pete cha kushoto, pamoja na cha shahada cha kulia. E ni cha shahada cha kushoto na cha kati cha kulia. N inataka vidole vinne. Kisha S tena, E tena. Mibonyezo saba, neno limekwisha, na mwandishi anaweza kupapasa karatasi palepale asome alichoandika. Ukikaribia mwisho wa mstari kengele inalia.

Sasa andika neno hilohilo kwa kibao cha mkononi na kalamu yake yenye ncha ya chuma. Kila nukta inatobolewa peke yake: Kasense ni nukta 17. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, kwa sababu vinundu vinatokea upande wa pili wa karatasi. Ili usome lazima uitoe karatasi na kuigeuza. Mwalimu akisoma imla kwa kasi ya kawaida, mwenye kibao ameshaachwa kwenye sentensi ya pili.

Kwa hesabu hiyo Perkins imeshinda? Ndani ya darasa, ndiyo. Lakini bei yake inapita shilingi milioni moja, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuibeba kwenda nayo nyumbani kwenye tope la Februari. Ikiingia vumbi la chaki na unyevu, vitufe hunata, na fundi wa kuifungua haketi kando ya barabara kama fundi wa cherehani. Kenya kuna shirika, Kilimanjaro Blind Trust Africa la Nairobi, lililoifanya kazi ya kukarabati mashine hizi kuwa sehemu ya shughuli zake, kwa sababu waligundua kwamba shule zilikuwa na mashine nyingi zilizokufa kwa ubovu mdogo. Kabla ya kuomba Perkins mpya, shule ingeuliza kwanza zilizopo stoo zinahitaji nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa mtoto asiyeona wa darasa la tatu, Kasense, ni vyote viwili. Perkins ikae shuleni, kibao kiende nyumbani kwenye mkoba. Kibao hakihitaji umeme wala spea, na mtoto aliyekizoea hatakwama siku mashine itakapokwama. Walimu wengi waliosoma zamani Buigiri, Dodoma, shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1950, au Irente kule Lushoto, walianzia hapohapo.

Na vitabu? Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa manene, kwa kuwa karatasi ni nzito na herufi haziwezi kupunguzwa ukubwa. Rafu inajaa upesi. Katika msimu wa mvua karatasi inakunywa unyevu, vinundu vinalala, na kidole kinasoma ukungu. Ndiyo maana vifaa vya kielektroniki vya nukta nundu vimeleta matumaini. Kimojawapo, Orbit Reader 20, ambacho kimesambazwa katika shule kadhaa za Kenya, kina vinundu vinavyopanda na kushuka, na kinabeba vitabu vingi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye riwaya na noti ndefu za historia, ni mkombozi. Kwa mtoto anayejifunza kujumlisha kwa kupanga tarakimu juu na chini kina kasoro kubwa: kinaonyesha mstari mmoja wenye herufi 20, na hesabu ya mafungu haikai kwenye mstari mmoja. Ramani na jedwali ndiyo kabisa.

Kuna wanaosema tuachane na nukta nundu, simu zinasoma. Simu za Android zinakuja na programu inayosoma kilichopo kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili ipo. Kwenye kompyuta kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona aliyechoshwa na bei za programu za kibiashara. Inapatikana bure, na sauti inayokuja nayo inaweza kusoma Kiswahili, ingawa lafudhi yake ni ya mtu aliyejifunzia lugha ndani ya pipa. Mimi ni mpenzi wa teknolojia hizi, na mwanafunzi yeyote asiyeona anayeingia kidato cha kwanza angepaswa kuzijua, maana huko masomo yanageuka Kiingereza na vitabu vinaongezeka ghafla. Lakini mtoto mdogo anayesikiliza tu hajifunzi tahajia. Hajui kama "ng'ombe" ina kibainishi, hajui aya inaanzia wapi. Kusoma kwa masikio peke yake ni sawa na kumhadithia mtoto anayeona vitabu vyote bila kumwonyesha herufi hata moja, halafu tumtahini kuandika.

Na simu ina mkwamo wetu wenyewe. Shule nyingi zinapiga marufuku simu kwa wanafunzi, na anayekamatwa nayo huadhibiwa. Kifaa saidizi cha bei nafuu ndicho kilichozuiwa getini. Kinachohitajika ni uamuzi ulioandikwa wa kamati au bodi ya shule, unaosema simu hii ni kifaa cha kusomea cha mwanafunzi huyu, inakaa kwa mwalimu fulani usiku, haina laini. Ukiachwa kuwa wa mdomo, mwalimu wa zamu atakayekuja Jumatatu hatakuwa na habari.

Vitabu vya kuingiza kwenye vifaa hivyo navyo si vya kuokota. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, maandishi makubwa au sauti kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu bila kumwomba mwenye hakimiliki. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya kiada vya nukta nundu. Mwalimu anayeagiza kifaa cha kusomea aagize na vitabu vyake siku hiyohiyo, vinginevyo ameagiza redio mahali pasipo stesheni.

Turudi kwenye viti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo vya kuendeshwa kwa mikono unataja hatua nane kabla na baada ya mtu kupewa kiti: rufaa, upimaji, maelekezo ya aina ya kiti, malipo na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha kukitumia, na kumfuatilia kwa matengenezo. Kwenye hafla ya Desemba 3 tunaona nusu ya hatua moja. Mpimaji anahitaji futi kamba. Apime upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, na mguu kutoka goti hadi kisigino. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya kuingiza vidole viwili. Na mto wa kukalia usihesabiwe kuwa urembo: mtoto asiye na hisia sehemu za chini anapata kidonda cha mgandamizo bila kujua, na vidonda hivyo huua.

Kiti mwendo chenye magurudumu madogo mbele kilitengenezwa kwa ajili ya korido ya hospitali. Kwenye udongo wa Ufipa uliolowa, vigurudumu hivyo huzama na kumrusha mtoto mbele. Shirika la Uingereza la Motivation, lililoanzishwa mwaka 1991, limesambaza kiti cha magurudumu matatu ambacho gurudumu la mbele limesogezwa mbali ili kisipinduke kwenye ardhi mbovu, na lilishirikiana na chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kufundisha mafundi wa viti kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa Kasense hicho ndicho ningekitazama kwanza. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono nayo inafaa kwa masafa marefu barabarani, ila ikifika shuleni haiingii mlangoni, wala haigeuki chooni. Mtoto anayeitumia atahitaji namna ya pili ya kwenda ndani. Mimi nimeshazoea kuuliza jambo moja la kijinga kabla ya mengine yote: choo kikoje? Wapo wasichana wanaokataa kunywa maji asubuhi ili wasiende chooni mpaka warudi nyumbani. Kabla ya fedha za kiti kutumwa, sehemu yake ijenge mtelezo na kupanua mlango wa tundu moja la choo.

Jambo la pili ni spea. Mpeleke fundi baiskeli wa karibu akikague kiti kabla hujakipokea. Akisema "tairi hii napata, beringi hizi napata," chukua. Akikuna kichwa, fikiria tena.

Na watoto hukua. Mwaka 2015 watoto kadhaa wa Kitanzania wenye ualbino waliokatwa viungo na wahalifu walipelekwa Marekani, wakapewa viungo bandia katika hospitali moja ya watoto jijini Philadelphia. Miaka miwili baadaye ilibidi warudi huko kutengenezewa vingine, kwa sababu vile vya kwanza vilikuwa vimewabana. Kama hali ni hiyo kwa waliokuwa na wafadhili nyuma yao, mtoto wa Rukwa aliyepewa kiti akiwa na miaka 7 atakaa juu ya nini akiwa na 11? Bajeti ya kifaa cha mtoto inapangwa kwa miaka, na tarehe ya kupimwa upya inaandikwa siku ileile anayokabidhiwa.

Kwa viziwi nitapita haraka, kwa kuwa kosa linalofanyika ni moja. Kifaa cha kusaidia kusikia, shimesikio kama wengine wanavyokiita, kinamfaa mtoto aliyebakiwa na usikivu, aliyepimwa, aliyetengenezewa kiziba sikio cha kipimo chake, na mwenye uhakika wa betri, ambazo kwa kawaida hudumu wiki moja au mbili. Botswana walitengeneza vifaa vinavyochajiwa kwa jua, na kwa mahali penye umeme wa kusuasua hilo ni wazo la maana. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo zamani ilimpeleka mtu India, lakini bado inagharimu mamilioni na inadai mazoezi ya usemi kwa miaka baadaye. Mtoto kiziwi kabisa, aliyefika darasa la kwanza bila lugha yoyote, anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, mwalimu anayeijua, na wenzake wanaoijua. Shule ya Viziwi Tabora imekuwepo tangu 1963, na CHAVITA, chama cha viziwi, kimelipigania hili tangu miaka ya 1980. Kumvika shimesikio mtoto kama huyo ili mwalimu aendelee kuongea akiwa ameutazama ubao ni kumkomoa.

Mwenye mtindio wa ubongo ambaye anaelewa kila kitu lakini ulimi haumtii, huyo tunamsahau mara nyingi zaidi. Zipo tabiti za kuongea kwa niaba yake. Kabla ya tabiti, chukua kipande cha boksi gumu, bandika picha: ugali, maji, choo, naumwa, nasikia baridi, sijaelewa, rudia. Atakuwa anaelekeza kwa kidole, kwa ngumi, hata kwa macho. "Sijaelewa" na "rudia" ndizo picha zinazosahaulika kubandikwa, na ndizo zinazomfanya awe mwanafunzi. Akishamudu boksi, tabiti itakuwa na mahali pa kuanzia, na siku umeme ukikatika boksi liko palepale.

Yote haya yanataka jaribio. Kifaa kikopwe shule ya jirani, mtoto akitumie wiki kadhaa, mwalimu aandike kwenye daftari: alimaliza kazi zipi ambazo zamani hakumaliza, alikiacha siku zipi, kwa nini. Mtoto aulizwe. Msichana wa kidato cha pili anayekataa fimbo nyeupe kwa sababu wavulana wanamcheka ametoa taarifa muhimu kuliko ya daktari, na dawa yake iko kwa wavulana. Walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha, wanaufahamu utaratibu huu. Mwalimu wa kawaida mwenye wanafunzi themanini atasema hana muda, naye ana haki ya kusema hivyo. Basi aandike mstari mmoja kwa wiki.

Kuna tarehe moja ambayo haisubiri mtu, nayo ni ya mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na zenye maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na huongeza muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini Baraza haliwezi kukuza karatasi ya mtoto ambaye kwenye usajili ameandikwa kama wengine. Mtoto wetu wa darasa la tatu mwenye kibao cha useremala atafanya upimaji wa darasa la nne mwakani. Kwa hiyo mama yake, akiitwa tena shuleni, aulize mambo mawili kabla hajaaga: kama mwanawe ameshapelekwa kupimwa macho na cheti kiko kwenye jalada lake, na kama afisa elimu maalumu wa manispaa ana jina lake kwenye orodha. Akijibiwa "tutaangalia", akae hapohapo ofisini, waangalie naye.